Barua ya wazi kwa Rais wa WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni: kipimo cha mkojo hakisemi yaliyomo kichwani

Mheshimiwa Witold Bańka,

Wewe mwenyewe ulikimbia mita 400, na mwaka 2007 ulikuwa kwenye kikosi cha Poland kilichotwaa shaba ya kupokezana vijiti kule Osaka. Kwa hiyo sitakueleza uzito wa sehemu ya kumi ya sekunde. Nataka tuzungumzie kichwa cha mwanamichezo.

Mafunzo mengi dhidi ya dawa za kuongeza nguvu humchukulia mtumiaji kama mtu aliyepofushwa na tamaa, asiyejali hata kufa. Imani hiyo ilichochewa na daktari Bob Goldman, ambaye miaka ya 1980 aliuliza wanamichezo kama wangemeza dawa ya kuwapa ushindi wote kisha iwaue baada ya miaka 5. Akasema karibu nusu walikubali. Watafiti wengine waliporudia swali hilo na kuchapisha majibu mwaka 2013, kati ya wanamichezo 212 waliokubali walikuwa 2 tu. Sisi bado tunawahubiria wale wa Goldman.

Ninavyoona, mara nyingi anayetumia dawa hizo hajioni mwizi hata kidogo. Mwendesha baiskeli Lance Armstrong, aliyekiri kutumia dawa, alimwambia mtangazaji Oprah Winfrey, Januari 2013, kwamba alitafuta maana ya udanganyifu kwenye kamusi na hakuona kama inamhusu, kwa sababu wote walikuwa sawa uwanjani. Tulimcheka. Lakini hoja yenyewe, “kila mtu anatumia”, ndiyo inayomlegeza mtu mwadilifu: hahitaji kuwa mbaya, inatosha ajione mjinga kwa kubaki safi.

Hapo nasi tuna mkono wetu. Dodoso la siri lililofanywa kwenye mashindano ya dunia ya riadha ya Daegu, 2011, lilikadiria kwamba zaidi ya asilimia 40 ya washindani walikuwa wametumia ndani ya mwaka mmoja, ilhali maabara hunasa asilimia 1 au 2. Sisemi takwimu hizi zifichwe. Ila kijana akizisoma peke yake atatoka na mambo mawili: wengi wanafanya, na hawakamatwi. Nani anakaa naye kumwambia kwamba makadirio yale yamepingwa na wataalamu, na kwamba mtu aliyekwisha kutumia ana kila sababu ya kuamini wenzake wako kama yeye?

Tena uamuzi wenyewe hautokei darasani. Hutokea goti linapochelewa kupona, mkataba unapokaribia kwisha, au nafasi yake kwenye timu inapochukuliwa na mtu ambaye yeye alikuwa akimshinda. Wakati huo anayemsikiliza huwa ni kocha au daktari, na pengine huyohuyo ndiye mwenye dawa. Mfumo wenu unajua mwanamichezo atakuwa wapi saa moja ya kila siku, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku. Haujui kama amevunjika moyo.

Naomba mawili. Kiwango cha Kimataifa cha Elimu, kinachotumika tangu Januari 2021, kiyalazimishe mashirikisho kumpatia mshauri wa saikolojia asiye wa timu kila mwanamichezo anayeumia kwa muda mrefu au kupoteza mkataba. Pili, mazungumzo hayo yalindwe kisheria. Kanuni ya Dunia dhidi ya dawa hizo inaadhibu hata jaribio la kutumia, na ni sawa. Lakini anayekiri kwamba ameshawishika bado hajajaribu chochote, na leo hana mahali salama pa kulisema hilo.

Wako katika michezo,
Mpenda riadha