Umbali wa Guangzhou usipimwe kwa saa za tiketi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie desturi inayonisumbua mimi kama mwalimu wa jiografia, yaani kutaja umbali wa safari ya ndege kwa saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Ukiwauliza wauza vitenge wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, mji wa Guangzhou, China, uko mbali kiasi gani, watakujibu kwamba ni siku nzima, na magazeti yetu huandika vivyo hivyo.

Dada yangu alipokuwa akijiandaa kwenda huko kununua mali, mama yetu alisoma tiketi akaona kwamba mwanawe angeondoka Luano, uwanja wetu wa ndege, saa nane mchana na kufika saa nane mchana ya kesho yake, akashika kichwa. Nilimweleza kwamba saa za China ziko mbele ya saa zetu kwa saa sita, kwa hiyo safari yenyewe, pamoja na kungoja ndege ya pili Addis Ababa, ni ya saa kumi na nane. Wakati wa kurudi hesabu hugeuka: saa sita hizo hupungua, na msafiri huonekana ametumia saa kumi na mbili tu. Barabara ni ile ile, ila tiketi moja inairefusha na nyingine inaifupisha.

Basi nilichukua tufe la shule, lenye kipenyo cha sentimita 30, na uzi wa kushonea. Mama alishika ncha moja juu ya Lubumbashi, mimi nikavuta nyingine hadi Guangzhou. Uzi ukinyooshwa vizuri juu ya tufe hufuata njia fupi kuliko zote: ulipita juu ya Tanzania, ukavuka Bahari ya Hindi, ukagusa kusini mwa India. Urefu wake ulikaribia sentimita 24, yaani kama kilomita 10,100, robo ya mzunguko wa dunia. Kisha tukaupitisha Addis Ababa, kwa kuwa ndiko ndege inakotua, na ukaongezeka kwa sentimita moja na kitu tu, kama kilomita 550. Mama alirudia kuupima mara mbili, maana alikuwa akiamini kwamba kuzungukia Ethiopia ndiko kunakokula siku yake yote. Kumbe angani ni saa kumi na mbili au kumi na tatu. Zilizobaki ni za kuketi uwanjani.

Ramani ya ukutani isingetufaa kwa kazi hiyo. Ramani nyingi za madarasani hufuata mchoro wa mchoraji ramani Mercator wa mwaka 1569, ambao huzivuta nchi kadiri zinavyokuwa mbali na ikweta, hata kwenye latitudo ya nyuzi 60 kila urefu huchorwa mara mbili ya unavyostahili, na rula ikiwekwa hapo hudanganya.

Kwa hiyo ninaomba, Bwana Mhariri, kila gazeti lako linapoandika habari za safari ndefu, litaje kilomita za njia iliyonyooka, kilomita za njia ambayo ndege inapita kweli, na saa za kuwa angani zikitengwa na saa za kungoja. Mistari miwili inatosha, na wenye ndugu safarini wataisoma.

Mwalimu wa jiografia,
Katuba, Lubumbashi