Hifadhi ya mto iachwe na matope yake

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie hifadhi za ardhioevu kando ya mito, zile ambazo hazina lami, mgahawa wala hata benchi. Kila zinapotajwa, hakosekani mtu wa kusema zimetelekezwa na sasa ziendelezwe. Napinga kwa moyo wote.

Anayetaka kujua kwa nini, aingie humo kwa mtumbwi asubuhi kabla upepo haujaanza. Aweke kafi chini, mtumbwi uelee wenyewe mpaka uguse matete. Kisha ainame atazame mashina, kiasi cha shubiri moja juu ya maji. Huenda akaona ganda kavu la kahawia, limepasuka mgongoni, miguu yake ingali imeng'ang'ania tete. Ni ganda la kerengende. Kabla ya kuota mbawa, mdudu huyu huishi chini ya maji kwa miezi mingi, wengine hata miaka kadhaa, akiwinda viluwiluwi. Siku yake ikifika hupanda shina, hujivua ganda, huruka. Mtoto aliyeliona ganda hilo kwa macho yake amepata somo ambalo ubao wa darasani hauwezi kumpa. Tukifyeka matete ili tujenge ukingo wa zege, tutakuwa tumemfukuza mwalimu.

Hata tope linalonuka lina kazi. Ndani yake hewa ya oksijeni ni haba, na bakteria waliomo hugeuza naitreti za mbolea zinazotiririka kutoka mashambani kuwa gesi ya naitrojeni. Mto ukifurika, maji husambaa mateteni, hupungua kasi na kuacha mchanga wake hapo. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971, unataka ardhioevu zitumiwe kwa busara. Kupiga kafi kimyakimya, kwa maoni yangu, ni matumizi ya aina hiyo.

Lakini sisi wageni nasi tuna wajibu. Pasipo na mlinzi, koti la kuelea livaliwe muda wote, na mtu aliyebaki nyumbani ajue tutarudi saa ngapi. Mvua kubwa ikinyesha juu mtoni, safari iahirishwe. Ndege akiruka kutoka kwenye kiota chake, tumeshamkaribia mno, na mayai yamebaki wazi. Mtumbwi nao uoshwe na kukaushwa kabla ya kuhamishiwa mto mwingine. Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini na leo limeziba maziwa na mito ya mabara mengine. Kipande chake kidogo kikisafiri chini ya mtumbwi chaweza kuchipua upya.

Wasimamizi nawaomba mambo mawili tu: pawe na sehemu moja ya kushushia mitumbwi, ya udongo mtupu, na vijito vyenye viota vifungwe msimu wa kutaga. Fedha zitakazobaki zilipe watu wa kuwaongoza wanafunzi majini.

Msomaji wako,
Mpiga kafi