Anayesoma kipimo cha maji naye atuzwe

Mhariri,

Kila ifikapo Juni 8, Siku ya Bahari Duniani, redio hujaa habari za tuzo: mtaalamu huyu katunukiwa kwa utafiti wa matumbawe, kikundi kile kwa kulinda kasa. Mwaka huu jirani yangu, kijana anayevua mukene, yaani dagaa wa ziwani, alisikiliza habari hizo mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Mama, sisi Uganda bahari tumeitoa wapi?" Nilicheka, ila swali lake halikunitoka.

Bahari ya Hindi iko mbali na Mayuge, wilaya yetu ya Uganda kando ya Ziwa Victoria, lakini hutufikia. Mwishoni mwa 2019 maji ya bahari hiyo upande wa Afrika yalipata joto kupita kawaida, huku upande wa Indonesia yakipoa. Tukaletewa mvua isiyokatika, na ilipofika Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limepita hata kiwango cha 1964, ambacho wazee walikuwa wakituhadithia kama gharika. Kwenye mwalo wetu tulihamisha vichanja vya kukaushia mukene mara mbili. Vyoo vilizama, na yaliyofuata sitayaeleza kwenye gazeti. Wanasayansi waliieleza tabia hiyo ya Bahari ya Hindi mwaka 1999, na mvua kubwa za 1961, zilizotangulia ule ujaaji wa 1964, nazo zilikuja na hali hiyohiyo. Basi anayetunukiwa kwa kuichunguza Bahari ya Hindi anatuchunguzia na mvua yetu. Simwonei gere hata kidogo.

Linaloniwasha ni jingine. Tulijuaje kwamba 2020 imeizidi 1964? Tulijua kwa sababu maji ya ziwa hili yanapimwa upande wa Uganda tangu 1896. Yaani kuna mtu aliyeshuka ufukweni asubuhi, akatazama kipimo kilichosimikwa majini, akaandika namba, akarudi kunywa chai yake. Alipozeeka akaja mwingine. Vita viwili vya dunia vilipita, mkoloni akaondoka, Amin akaja akaenda, na watu hao wakaendelea kuandika. Mwanasayansi anayetaka kuunganisha joto la bahari na ujazo wa ziwa hana pa kuanzia isipokuwa kwenye namba zao. Sijawahi kusikia hata mmoja wao akiitwa jukwaani.

Nasema hivi nikiwa na maslahi, afadhali nikiri mapema. Kwa miaka sita nilikuwa mwandishi wa samaki katika mwalo mmoja wa wilaya hii. Kazi yenyewe ni hivi: siku zilizopangwa za mwezi unakaa mwaloni tangu alfajiri, boti zinatia nanga, unachagua kadhaa. Unaandika aina ya boti, kama ina injini au kasia, nyavu za macho gani, wavuvi wangapi, kisha unapima samaki kwa aina: mputa (sangara), ngege (sato), mukene. Mputa unamning'iniza kwenye mizani, basi. Mukene ndiye mwenye kesi. Huwezi kupima boti nzima, kwa hiyo unapima beseni moja na kuzidisha kwa idadi ya mabeseni. Sasa beseni la nani? La mwenye boti linajazwa mpaka kilima kinaporomoka, la mchuuzi limekatwa usawa wa ukingo. Nilijifunza kupima yote mawili na kuandika lipi ni lipi, jambo ambalo fomu haikuwa na nafasi yake, nikawa naliandika pembeni.

Halafu kuna mwezi. Mukene huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, wavuvi wengi hulala. Ukipangiwa kupima siku hizo utaandika kwamba ziwa limekauka. Ukipangiwa usiku wa giza utaandika kwamba limefurika neema. Mtu wa ofisini haoni hilo akiwa na kompyuta yake. Mwandishi wa mwaloni huliona kwa macho. Na wakati huohuo wavuvi wanakuangalia kwa jicho la pembeni, wakiamini umetumwa na watu wa kodi. Mmoja alinificha mputa wawili chini ya turubai kwa mwaka mzima kabla hajaniamini.

Baadaye ofisi iliyotutuma iliacha kuja kuchukua fomu. Hawakutufukuza, waliacha tu kuja. Niliendelea miezi minane kwenye madaftari yangu ya shule, nikadhani gari limeharibika.

Mwaka 2023 Tuzo ya Tyler, mojawapo ya tuzo kubwa za mazingira duniani, ilikwenda kwa watafiti wa uvuvi Daniel Pauly na Rashid Sumaila, huyu wa pili mzaliwa wa Nigeria. Walistahili. Pauly na mwenzake Dirk Zeller walikuwa wameonyesha mwaka 2016 kwamba mavuno ya bahari duniani kwenye kilele chake cha 1996 yalikuwa kama tani milioni 130, wakati takwimu zilizopelekwa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, zilisema milioni 86. Tofauti hiyo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ni samaki wa wavuvi wadogo, waliopikwa nyumbani, au waliotupwa, ambao hakuna aliyewaandika. Tuzo ile, ukiitazama vizuri, imetolewa kwa ajili ya pengo lililoachwa na waandishi wa samaki ambao hawakuwepo. Mwaka 2021 Tuzo ya Chakula Duniani ilimwendea Shakuntala Thilsted, aliyeonyesha huko Bangladesh jinsi samaki wadogo wanaoliwa wazima, kichwa na mifupa, wanavyojenga miili ya watoto na mama zao. Hiyo ni habari ya mukene wetu kabisa, yule tunayemwita chakula cha maskini na kuwauzia wenye viwanda vya chakula cha kuku.

Tuzo za vikundi pia zipo. Wenzetu wa Gazi, pwani ya Kenya, walipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2017 kwa kulinda mikoko yao kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja. Ila hata hapo kinachotuzwa ni mradi wenye jina na picha nzuri. Kupima hakuna picha. Mtu ameinama na kalamu, nani ataiweka kwenye kalenda?

Jinja tunayo taasisi ya utafiti wa samaki, iliyoanza 1947 ikiihudumia Afrika Mashariki nzima. Hapohapo Jinja kuna makao makuu ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, linalotuunganisha na Kenya na Tanzania. Naomba hawa wawili wakae chini waanzishe tuzo ya wapimaji: wa maji, wa mvua, wa samaki, wa oksijeni. Masharti yawe mepesi. Awe amepima mahali pamoja kwa miaka isiyopungua kumi bila kuruka. Atajwe na wavuvi wenyewe, wakiwemo wasiompenda, kwa sababu hao ndio wanaojua kama hakukubali kubembelezwa. Akabidhiwe mwaloni kwake, asisafirishwe kwenda hoteli ya Kampala kula bufee na kusubiri hotuba saba. Zawadi isiwe ngao ya kioo tu. Iwemo mizani mpya, mabuti na koti la mvua. Ikiwezekana na mshahara, lakini nisije nikaonekana naota.

Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 mputa walipoanza kuelea wamekufa, hapa kwetu kila mtu alisema wametiwa sumu. Wizara ikasema ni upungufu wa oksijeni majini. Huenda ilikuwa kweli, naamini ilikuwa kweli, lakini mwaloni kwetu hapakuwa na mtu aliyeipima oksijeni wiki moja kabla, wala mwezi mmoja kabla, na mpaka leo wapo wanaokataa kununua mputa wa Januari.

Yale madaftari ya miezi minane bado ninayo, manne, ndani ya sanduku la bati ili panya wasiyafikie. Mabeseni ya kilima na ya usawa yameandikwa tofauti, na usiku wa mbalamwezi nimeutia alama ya duara. Anayeyahitaji aje, chai ipo.

Mwandishi wa samaki wa zamani,
Mayuge