Kombora jipya la rada lisiongezewe umbali tu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalowagusa wengi wanaocheza michezo ya kompyuta ya vita vya angani, nalo ni namna makombora ya rada (yanayoifuata ndege kwa msaada wa mawimbi ya rada) yaliyoboreshwa yanavyoingizwa katika michezo hiyo. Ninaloomba ni kwamba kombora lililoboreshwa lije na maboresho yake halisi, hata pale ambapo maboresho hayo hayaonekani katika jedwali la kasi na umbali ambalo mchezaji hulitazama kabla ya kupaa.

Chukua kombora la Sparrow la Marekani. Toleo la AIM-7F, lililoanza kutumika mwaka 1976, lilitumia transista badala ya valvu za zamani, na nafasi iliyopatikana ndani yake ikatumika kuweka mota kubwa zaidi, hivyo umbali wake ukaongezeka sana. Badiliko la namna hiyo mchezo wowote unaweza kulionyesha kwa kurekebisha tarakimu chache. Lakini AIM-7M, lililofuata mwaka 1982, lina urefu uleule wa mita 3.66, kipenyo kilekile cha sentimita 20, na msukumo wake ni karibu uleule. Kilichobadilishwa hasa ni sehemu ya mbele inayotafuta shabaha. Waingereza walikuwa wamekwisha kufanya hivyo mwaka 1978 kwa kombora lao la Skyflash, ambalo lilitumia kiwiliwili cha Sparrow la zamani na kukipa kitafutaji kipya kabisa. Muundaji wa mchezo asiyelielewa jambo hili huona matoleo mawili yanayofanana, kisha, ili wachezaji waone kwamba wamepata kitu kipya, huliongezea lile la pili kilomita ambazo halikuwa nazo. Hapo ndipo ninapopinga.

Kitafutaji cha zamani kilizungusha miale yake ya kupokea mfano wa koni, kikalinganisha nguvu ya mwangwi wa sasa, yaani mawimbi ya rada yanayorudi kutoka kwa shabaha, na ule uliotangulia ili kujua shabaha iko upande gani. Udhaifu wake ni kwamba ndege inayolengwa ikirusha mawimbi ya bughudha, yaani ya kuivuruga rada, yanayopanda na kushuka kwa mpigo unaofaa, kombora hudhani shabaha imehama. Kitafutaji kipya hulinganisha miale kadhaa kwa wakati mmoja, katika mwangwi mmoja, na ujanja huo haukipati. Pia hufanya kazi vizuri zaidi dhidi ya ndege inayoruka chini, ambako mwangwi wa ardhi ni mwingi. Mchezaji anayefyatua kombora hili angepaswa kuuona utofauti katika hali hizo: adui ameshuka karibu na vilele vya miti, anamwaga vipande vya alumini vya kuihadaa rada, anarusha bughudha, na kombora ambalo toleo lake la zamani lingeishia ardhini sasa linaendelea kumfuata. Mita moja ya ziada ya umbali haihitajiki ili jambo hilo lionekane.

Kwa upande mwingine, anayelengwa asinyimwe kinga zake. Rada inayoongoza makombora haya hutofautisha ndege na ardhi kwa mabadiliko ya masafa ya mawimbi yanayosababishwa na mwendo, kwa hiyo ndege inayogeuka na kukatiza mbele ya rada kwa pembe ya digrii 90, huku ardhi ikiwa nyuma yake, huchanganyika na mwangwi wa ardhi na inaweza kupotea. Kitafutaji kipya hakikuifuta kanuni hiyo ya fizikia. Rada ikitazama juu, kwenye anga tupu, ujanja huo haufai sana, na mchezo mzuri unapaswa kuzitenganisha hali hizo mbili. Nimechoka kuona kimo kimoja kilichopangwa, ambacho kila anayeruka chini yake huwa salama bila kujali yuko juu ya nini, ilhali maji yaliyotulia huakisi mawimbi ya rada tofauti kabisa na msitu.

Jambo jingine lisiloguswa ni kwamba AIM-7M bado hutegemea rada ya ndege iliyolifyatua. Rubani lazima aendelee kuimulika shabaha mpaka kombora lifike, na akigeuka kujiokoa, kombora limepotea. Kombora la AIM-120, lenye rada yake ndani, lilianza kutumika mwaka 1991 na likaangusha ndege kwa mara ya kwanza tarehe 27 Desemba 1992, kusini mwa Iraki. Hicho ni kizazi kingine, na tabia zake zisiazimwe ili kulitukuza kombora lililotangulia.

Wapo wanaosema kwamba usahihi wa namna hii huharibu mizani ya mchezo. Naielewa hofu yao, lakini mizani hutafutwa katika kupanga ni ndege zipi zikutane na zipi, na kila moja ibebe makombora mangapi. Haitafutwi kwa kughushi kombora lenyewe. Ikiwa upande wa Kisovieti una kombora la R-27ER, lenye mota kubwa na umbali mrefu, basi upande huo uwe na faida ya umbali, na wapinzani wajifunze kuikabili.

Ushahidi wa kutosha unapatikana katika vitabu vya historia na miongozo iliyokwisha kutolewa hadharani. Hakuna haja ya kurudia yale ya mwaka 2021, pale mchezaji mmoja wa War Thunder, mchezo wa kompyuta wa vita, alipoweka hadharani kurasa za mwongozo wa kijeshi wa kifaru cha Challenger 2 cha Uingereza ili ashinde mabishano. Kwa Sparrow, ambalo nchini Vietnam liligonga takriban mara moja kati ya kumi na ambalo mwaka 1991 ndilo lililoangusha sehemu kubwa ya ndege za Iraki zilizopigwa angani na Marekani, simulizi ya kilichobadilika katikati imekwisha kuandikwa. Waundaji waanze na kitafutaji, wakijaribu juu ya ardhi, juu ya maji na dhidi ya bughudha, na tarakimu za umbali waziache zilivyo.

Msomaji wako,
Mpenzi wa michezo ya ndege za kivita