Mkitutoa damu, tuambieni ni ya nini

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wanaoandaa kambi za matibabu za bure huku kwetu. Mimi huuza maziwa kwa baiskeli hapa Njoro, nina miaka 54. Februari palikuwa na kambi sokoni. Nilipanga foleni nipimwe presha, nikasikia wanaume wanapimwa tezi dume pia, nikanyoosha mkono. Siku nne baadaye nikapewa karatasi: PSA 7.2, imezungushiwa kalamu nyekundu, na chini yake "Muone daktari". Aliyenikabidhi alikuwa tayari anaita jina la mwingine.

Niliificha ndani ya daftari la madeni ya maziwa. Wiki tatu sikumwambia mtu. Kichwani nilishagawa ng'ombe, huyu wa fulani, yule wa fulani. Jumapili moja mke wangu akipiga hesabu za wateja akauliza, "Huyu PSA ni nani, na mbona anadaiwa lita saba?" Tulicheka, kisha hatukucheka. Kesho yake akanisindikiza hospitalini Nakuru mjini.

Daktari alikuwa binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Kidogo nigeuze. Lakini alinivutia kiti, akachora nyuma ya ile karatasi yangu: kibofu, mrija wa mkojo, na tezi imeuzunguka mrija kama ndimu iliyotobolewa katikati. "Mzee, PSA ni protini ya tezi hii. Ikipanda inatuambia tezi imesumbuliwa, haituambii ni nani ameisumbua." Mkojo unachoma? Unachoma, tangu Januari, nami nikidhani ni jua. Unasafiri na nini? Baiskeli, kila siku ya Mungu. Akasema maambukizi hupandisha PSA, tezi ya uzee ikivimba huipandisha, na huenda hata kiti cha baiskeli. Kile kipimo cha kidole, cha njia ya haja kubwa, ambacho wanaume hukifanyia mzaha, hakikumaliza dakika.

Kisha akauliza kuhusu baba yangu. Baba alifariki 2009 akiwa na miaka 63. Alilalamika mgongo mwaka mzima, tukamkanda kwa maji moto na dawa ya kuchua, tukisema ni jembe na uzee. Ilipojulikana ni saratani ya tezi dume, ilikuwa imeshaingia mifupani. Nilibisha kwamba mzee hakuwahi kusumbuka na mkojo. Daktari akarudi kwenye mchoro: uvimbe wa uzee hubana mrija, ndiyo maana wazee huamka usiku, lakini saratani mara nyingi huanza pembeni mwa tezi ambako mwanzoni haibani chochote. Ukingoja dalili, huenda umechelewa. Hata Marekani, chama chao cha saratani husema mwanaume azungumze na daktari akifika 50, na 45 kama ni mweusi au baba au ndugu yake aliugua kabla ya 65. Mimi nilikuwa na sababu zote mbili, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikapata ujasiri wa kuuliza: na kama ingekuwa saratani? Akanieleza kwamba nambari peke yake haihukumu mtu, hadi vinyama vidogo vya tezi vitolewe kwa sindano vikapimwe. Tena saratani nyingine za tezi hukua polepole hivi kwamba madaktari huzifuatilia tu kwa vipimo, maana upasuaji na mionzi huweza kumwacha mtu akivuja mkojo au nguvu za kiume zimepungua. Maneno kama hayo mwanaume anafaa kuyasikia kabla hajakunja shati, siyo akiwa ameshagawa ng'ombe.

Sizipingi kambi. Bila ile foleni nisingefika kwa daktari. Nawaomba tu muweke kiti kimoja kando, na mtu mmoja wa kuuliza: baba yako aliugua nini? Mkojo ukoje? Matokeo yakija, mtu huyo huyo awepo.

Nilimeza dawa ya yale maambukizi, nikarudia kipimo baada ya wiki nane: 3.1. Kwa sababu ya baba, nitarudi mwakani. Daktari amenionya kwamba siku mbili kabla ya kutolewa damu niache baiskeli na pia mambo ya chumbani. Hapo nilitazama dirishani. Mke wangu ndiye aliyeitikia, "Tumesikia, daktari."

Muuza maziwa,
Njoro, Nakuru