Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2025: Bustani ya Kando ya Barabara

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, hamjambo.

Katiba ya chama chetu cha bustani inanitaka kila mwaka nieleze tulichopanda, tulichovuna na tulichotumia. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na orodha ya vifaa anayo katibu. Anayetaka kuipitia aombe, ataonyeshwa. Mimi nitaitumia nafasi yangu kwa jambo ambalo halimo katika daftari lolote la chama, nami naliona kuwa ndilo zao letu kubwa la mwaka huu. Ni mazungumzo yaliyozaliwa kwenye ukanda wetu wa kando ya barabara, baina ya watu ambao hawakuwa wakijuana hata kwa sura.

Mnakumbuka ubishi wa mkutano uliopita. Hoja ilikuwa tuyatoe baadhi ya matuta nyuma ya ukuta, tulime pia ule ukanda mwembamba unaopakana na njia ya waendao kwa miguu, na lango liwe wazi kila Jumamosi asubuhi. Waliopinga walitaja mbuzi, wezi na moshi wa magari, na hayo yote yalikuwa ya kweli. Kura zikapigwa, hoja ikapita, tukaanza kuchimba kabla ya masika ya Machi. Karibu kabisa na barabara tulipanda maua, mchaichai, rozimeri, shubiri na mstari wa mbaazi, kwa kuwa mboga za majani hushika vumbi na masizi. Magunia ya sukuma wiki, managu (mnavu) na terere (mchicha) tuliyaweka ndani ya lango, mahali anapoweza kuyaona kila apitaye.

Watu walianza kusimama hata kabla ya kitu kuota. Udongo wetu huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, mnaujua: mweusi, kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ikinyesha hunata kwenye jembe hadi jembe linakuwa zito kuliko mwenye kulishika. Mpita njia akiona watu wanahangaika na udongo kama huo hawezi kunyamaza. Fundi mmoja wa mjengo, akielekea kazini, alisimama akatuambia kwamba tukichimba matuta ya kulala chini maji yatasimama na mizizi itaoza. Tuyainue, tuyajaze samadi na majani makavu. Hakutusalimu kwanza, alianza na ushauri moja kwa moja, na salamu ikaja baadaye. Jioni alirudi na wilibaro ya majani yaliyofagiliwa mahali anapojenga. Sasa matuta yote ya nje yameinuliwa.

Swali lililoulizwa kuliko mengine yote mwaka huu ni hili: “Mnanyunyizia maji gani?” Kila mkazi wa Nairobi analielewa. Sote tumesikia, na wengine tumeona kwa macho, sukuma wiki inayomwagiwa maji taka kando ya mito yetu. Anayeuliza huuliza kwa mashaka, sauti ikiwa juu kidogo. Nimewaomba wanachama wasichukie swali hilo hata mara moja. Mchukueni mwulizaji hadi kwenye tangi, mwonyesheni mifereji inayoteremsha maji ya mvua kutoka paa la ukumbi, mwacheni afungue bomba mwenyewe. Mama mmoja aliyekuja na mashaka hayo alinusa maji, akatazama chini ya majani kutafuta vidukari, akavikuta, kisha akatueleza namna ya kuviosha kwa maji ya sabuni na kunyunyiza majivu asubuhi umande ukiwa bado haujakauka. Mashaka yake yametuokolea gunia zima la sukuma.

Nimefikiri sana kwa nini bustani inafanya hivi, kwa sababu jijini hapa mtu usiyemjua akikusemesha, mkono huenda kwanza kwenye mfuko kushika simu. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba mbele ya mmea macho hayana haja ya kukutana. Wawili wanaangalia jani, wanaulizana limetobolewa na nini, na hakuna anayelazimika kutaja jina, kabila, kanisa au kazi yake. Mikono ikiwa na shughuli, hata kimya hakimuudhi mtu. Tena kuna hili: wengi wetu mjini tuna ushago, na karibu kila mtu amebeba ujuzi fulani wa shamba ambao Nairobi haijawahi kumwomba. Mlinzi wa usiku anayepita saa kumi na mbili asubuhi akiwa amechoka anajua kupogoa mbaazi kuliko mimi mwenye cheti cha semina. Siku aliyopewa panga akatuonyesha, waliomzunguka ni watu ambao kwa miaka walikuwa wakimpita getini pasipo hata kumtazama.

Managu nayapa aya yake. Jumamosi moja akina mama wawili, ambao hawakuwa wameonana kabla ya asubuhi ile, walishindana kwa nguvu mbele ya gunia. Mmoja alisema lazima yachemshwe na maji ya kwanza yamwagwe, uchungu uondoke. Mwenzake alisema huko ni kumwaga chakula. Yeye huchemsha, kisha huyalaza ndani ya maziwa hadi kesho yake. Akapita wa tatu, mzaliwa wa Pwani, akauliza mbona hakuna aliyetaja tui la nazi. Mzee wetu mmoja kutoka Magharibi akaingiza mrenda na magadi, japo hakuna aliyeuliza habari za mrenda. Ilimalizika kwa jiko kuwashwa uani na sufuria tatu kupikwa. Sijawahi kuona kikao cha chama kilichohudhuriwa kwa moyo kama kile, na hakikuwa hata kikao. Wawili kati ya wale sasa ni wanachama. Wa tatu hajajiunga, ila hupita kila wiki, na hilo linanitosha.

Ushirika wa namna hii una historia katika jiji letu, tena upande wetu huu. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake waliandamana hadi uwanja wa Kamukunji wakapanda miti saba, kwa heshima ya watu mashuhuri saba wa jamii mbalimbali za Kenya. Harakati ya Ukanda wa Kijani ilianzia hapo. Na baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, huko Kibera zilienea bustani za magunia: gunia linajazwa udongo na samadi, katikati unasimamishwa mnara wa mawe ili maji yashuke hadi chini, ubavuni yanatobolewa matundu ya miche. Mawe yale hupangwa ndani ya kopo lisilo na kitako wala kifuniko, ambalo huvutwa juu kidogo kidogo kadiri udongo unavyoongezwa. Kazi hiyo ni ngumu kwa mtu mmoja. Mwingine lazima ashike gunia. Nimewaonyesha wageni wengi jinsi ya kuifanya mwaka huu, na mara nyingi aliyeshika gunia alikuwa mpita njia mwingine aliyejikuta ameitwa, “Hebu nishikie hapa.”

Uchaguzi wa 2027 unakaribia, nanyi mnajua miaka ya uchaguzi inavyotufanya tupimane kwa majina. Wamekwisha kuja watu wakitaka Jumamosi zetu ziwe jukwaa lao, wakiahidi miche na fulana. Kamati imekataa. Naomba mkutano huu uunge mkono uamuzi huo na uuandike kwenye kumbukumbu, ili kamati itakayotufuata isije ikasema haikujua. Langoni mwetu asiulizwe mtu anampigia nani kura.

Nirudi kwenye miche. Mingi ya mimea yetu ina sifa moja: inagawika. Bua kuukuu la sukuma wiki hutoa vichipukizi ubavuni. Ukikivunja kimoja na kukichomeka ardhini kinashika. Mchaichai unapasuliwa shinani. Rozimeri inatoka kwenye kijiti cha urefu wa kidole, na marando ya viazi vitamu hayahitaji hata kubembelezwa. Ukigawa, shina linabaki na kuzaa zaidi. Tangu Juni tumeweka ndoo ya vipandikizi langoni na kibao kilichoandikwa: “Chukua, upande, utuletee habari.” Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Aliyepewa kipandikizi anarudi kusema kimeshika, au kimekauka, au kuku wa jirani wamekimaliza, na kurudi kwake ndiko kunakomfanya asiwe mgeni tena. Kijana mmoja wa bodaboda aliniletea picha ya rozimeri kwenye debe juu ya ghorofa, akaniuliza kwa wasiwasi kabisa kama majani ya chini kuwa kahawia ni dalili mbaya. Tulizungumza mpaka abiria wake akapiga kelele.

Kuhusu mbegu, kuna habari njema ambayo huenda si wote mmeipata. Chini ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ilivyorekebishwa 2012, mkulima aliyegawa au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa aliweza kufungwa hadi miaka 2, kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani kuipinga, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Kwa chama kama chetu, ambacho bibi hufunga mbegu za kunde kwenye kona ya leso na kumpa mtu aliyemjua dakika tano zilizopita, uamuzi huo ni faraja kubwa. Na wanaouliza kama kulima mjini kunaruhusiwa, waambieni kaunti ina sheria yake ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini tangu 2015.

Sasa wizi. Ulitokea. Sukuma zilikatwa usiku, rozimeri iling'olewa na mizizi, na shubiri mbili zilitoweka. Baadhi yenu mmeleta pendekezo la kuzungushia ukanda wa nje seng'enge. Nimelisoma kwa heshima, kwani walioliandika ndio waliomwagilia mimea hiyo kiangazi chote. Hata hivyo ninalipinga waziwazi. Tukifunga kwa seng'enge, tutalinda rozimeri na kupoteza yule fundi, yule mlinzi na wale akina mama wa managu, kwa maana hakuna kati yao aliyebisha hodi; walisimama tu kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuwazuia. Badala yake napendekeza benchi la mbao kando ya mbaazi. Palipo na watu wamekaa, anayetaka kuiba huona haya.

Neno dogo kwa wanaosimamia lango. Si kila anayesimama anataka maneno. Wengine wanataka kutazama maua kidogo waende zao, waacheni. Msimkimbilie mgeni na fomu ya uanachama. Na mtoto akiomba kushika kopo la kunyunyizia, apewe, hata akimwagia viatu vyenu.

Mengineyo ni machache. Mvua za vuli zilijaza tangi, lakini Januari na Februari maji ya bomba huja kwa zamu na tangi moja halitufikishi masika. Kamati inaomba idhini ya kununua la pili. Mbolea ya mboji imetosha. Jembe mbili zinahitaji mipini.

Mtapiga kura juu ya mambo matatu leo: tangi la pili, benchi au seng'enge, na azimio la kutoruhusu siasa langoni. Baada ya hapo tutachagua kamati. Na mwenye marando ya ziada ya viazi vitamu ayalete Jumamosi ijayo mapema; yule kijana wa bodaboda ameyaulizia tangu mwezi uliopita, na safari hii anasema anakuja na mama yake.