Barua kwa Baba na Mama: Unyenyekevu Usioikimbia Haki

Wapendwa Baba na Mama, pamoja na wadogo zangu wote,

Shikamooni wazazi wangu. Nanyi wadogo zangu, Bwana asifiwe. Mimi huku ughaibuni ni mzima, kazi inaendelea, na ibada ya Jumapili siikosi ila pale zamu inaponikuta kazini. Barua ya Mama niliipokea, nikaisoma na kuirudia, hasa pale alipoeleza yaliyompata kitindamimba wetu: kwamba mwajiri wake amemzuilia ujira wa kazi aliyokwisha kuimaliza, kwamba mwajiri huyo ni mshirika mwenzetu tena mtoaji mkubwa wa sadaka, na kwamba mdogo wangu alipolifikisha jambo hilo kwa wakubwa wake katika imani, aliambiwa kuwa Mkristo mnyenyekevu hadai, bali humwachia Mungu. Mama ameniuliza mimi naonaje. Sikutaka kujibu kwa simu, maana kwenye simu mtu hujibu harakaharaka, na neno hili linataka mtu akae na Maandiko yakiwa wazi mbele yake.

Nalisema mapema ninaloliamini, ili msije mkasoma kurasa zote mkilitafuta. Unyenyekevu unaofundishwa katika Biblia haukutenganishwa kamwe na haki, na anayemtaka aliyedhulumiwa anyamaze kwa jina la unyenyekevu ameshika nusu ya fundisho na kuiacha nusu nyingine chini.

Ule mstari wa Mika 6:8 sote tuliukariri tungali wadogo: Bwana anataka nini kwako, ila kutenda haki, na kupenda rehema, na kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako. Tunaukariri vizuri, lakini ni wachache tunaoendelea kusoma. Kabla yake kuna mtu anayejiuliza kama Mungu ataridhika na maelfu ya kondoo waume na makumi elfu ya mito ya mafuta, yaani anatafuta ibada iliyo kubwa kiasi cha kumaliza deni lake lote. Baada yake, katika aya ya 10 na ya 11, nabii anataja kipimo kilichopunguzwa, mizani ya udanganyifu na mfuko wa mawe ya kupimia ya hila. Mika, basi, hakuwa akitunga maneno ya kutundikwa ukutani. Alikuwa akisema na watu waliopunja wenzao kwenye mizani, kisha wakaingia ibadani na sadaka nono, na unyenyekevu aliowadai ulianzia pale pale kwenye mawe ya mizani.

Mahali ninapopapenda zaidi kuhusu jambo hili ni Luka 18 na 19, na naona zisomwe pamoja, kwa sababu zina watoza ushuru wawili wanaofuatana. Wa kwanza ni yule aliyesimama mbali hekaluni, asithubutu hata kuinua macho yake, akijipiga kifua na kusema, “Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi.” Humo hekaluni alikuwapo pia Farisayo, ambaye tusimfanye mnafiki wa mchezo wa kuigiza, maana alikuwa mtu wa bidii kweli: Torati iliagiza siku moja tu katika mwaka ya watu wote kujitesa nafsi, nayo ni Siku ya Upatanisho, lakini yeye alifunga mara mbili kwa juma, na zaka aliitoa katika mapato yake yote. Matendo yake yalikuwa mema. Lililomharibia ni kwamba aliyahesabu matendo hayo akiwa amemkazia macho jirani yake, hata sala yake ikawa ripoti ya kumshinda mwenzake. Akarudi nyumbani alivyokuja, na yule mwingine akarudi amehesabiwa haki.

Wahubiri wengi huishia hapo, nami nadhani ndipo kosa letu linapoanzia, kwa kuwa tunabaki na picha ya unyenyekevu ambao ni kuinamisha kichwa tu. Fungueni ukurasa unaofuata. Kuna Zakayo, mkubwa mmoja katika watoza ushuru, tajiri, ambaye Yesu anaingia kwake bila kuweka sharti lolote. Hatusomi popote kwamba Zakayo alijipiga kifua. Tunasoma kwamba alisimama akataja mali: nusu kwa maskini, na aliyenyang'anywa kitu kwa hila atarudishiwa mara nne. Sheria katika Hesabu 5:7 ilimtaka mtu aliyekiri kosa lake arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano tu. Kurudisha kondoo wanne kwa mmoja ilikuwa hukumu ya mwizi aliyemwiba kondoo akamchinja au kumwuza, kama ilivyo katika Kutoka 22. Zakayo, basi, alijipa mwenyewe hukumu ya mwizi, na hapo ndipo Yesu alipotamka kwamba wokovu umefika nyumbani humo. Mimi nawasoma watoza ushuru hao wawili kama mtu mmoja katika siku mbili: anayesema “uniwie radhi” leo, kesho hufungua mkoba akarudisha.

Niwaeleze jambo nililoliona hapa kazini, kwa sababu lilinifundisha sura hizo mbili kuliko mahubiri mengi. Katika ghala tunalofanyia kazi, msimamizi wa zamu alimkemea kijana mgeni mbele yetu sote kwamba amekosea hesabu ya maboksi, na saa za kazi za kijana yule zikakatwa. Kijana hakujibu kitu. Siku iliyofuata msimamizi alilipitia daftari lake, akagundua kwamba mstari mmoja ameuandika yeye mwenyewe mara mbili. Angeweza kumwita kijana pembeni na kumnong'oneza, nasi tusingejua. Badala yake alisubiri zamu yote ikusanyike, watu wale wale, mahali pale pale, akaliinua daftari, akatuonyesha kwa kidole mstari wenyewe na kusema, “Hili ni kosa langu, si lake.” Kisha akachukua fomu ya saa za kazi, akaandika upya saa zilizokatwa na kuweka sahihi yake mbele ya macho ya kijana. Yote hayo hayakumaliza hata dakika tano. Mtu yule si mshirika wa kanisa lolote, na mimi sikuona sababu ya kulionea haya jambo hilo. Yesu naye aliwahi kuwapa watu wa dini Msamaria awe mwalimu wao. Laiti angeomba radhi bila kuzirudisha zile saa, kijana angekuwa amepewa maneno matamu na hasara yake ikabaki pale pale. Na laiti angezirudisha kimyakimya, jina la kijana lingebaki limechafuka mbele yetu.

Najua kuna Andiko ambalo wakubwa wetu wanalitegemea, nami sitalikwepa. Paulo katika 1 Wakorintho 6 anawakemea waumini waliopelekana mahakamani, akawauliza mbona hawakubali afadhali kudhulumiwa. Swali hilo ni zito, na kuna Mkristo ambaye kwa hiari yake atasamehe deni lake lote, na Mungu atamheshimu kwa hilo. Lakini tazameni Paulo anamwendea nani mara tu baada ya swali hilo. Anamgeukia mdhulumu: ninyi wenyewe mnadhulumu na kunyang'anya, tena ndugu zenu. Zaidi ya hayo, aya chache nyuma anauliza kama kweli hakuna miongoni mwao hata mtu mmoja mwenye hekima, awezaye kuamua kati ya ndugu na ndugu. Maana yake ni kwamba kanisa lilipaswa kuketi na kuliamua shauri, si kumwambia mnyonge akanyamaze nyumbani. Kuachilia haki yangu ni juu yangu mimi ninayeidai. Hakuna mwingine awezaye kuiachilia kwa niaba yangu akauita uamuzi huo unyenyekevu wangu. Unyenyekevu mtu hujitwika, hamtwishi mwenzake.

Na Paulo huyo huyo, alipochapwa viboko pamoja na Sila huko Filipi na kutiwa gerezani bila kuhukumiwa, kesho yake mahakimu walipotuma watu wawatoe kimyakimya, alikataa kutoka. Alisema wao ni Warumi, wamepigwa mbele ya watu wote, basi mahakimu na waje wenyewe kuwatoa, nao wakaja. Kinachonigusa ni kwamba kanisa la mji huo huo wa Filipi ndilo alilokuja kuliandikia baadaye, naye yuko kifungoni, yale maneno makuu kuliko yote kuhusu unyenyekevu: kwamba Kristo alitwaa namna ya mtumwa, akajinyenyekeza, akawa mtii hata mauti ya msalaba. Waliopokea barua ile wangeweza kukumbuka jinsi mwandishi wake alivyokataa kutolewa kwa mlango wa nyuma. Hata Bwana mwenyewe, aliyepigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, aliuliza, “Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya; bali kama nimesema vema, wanipigia nini?” Hakurudisha kofi, na hakukubali kwamba kofi lile lilikuwa halali. Huo ndio mstari mwembamba ninaomtakia mdogo wangu autembee.

Nigusie kidogo Wakolosai, kwa kuwa Mama ameandika kuwa walisomewa mstari wa watumwa kuwatii mabwana wao na kufanya kazi kwa moyo kama kwa Bwana. Ni mstari mwema, na mimi mwenyewe huushika ninapopanga maboksi usiku ambapo hakuna msimamizi. Ila usomaji ulikatwa mahali pabaya. Sura tunazozisoma leo ziligawanywa katika karne ya 13, kazi ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya Stephen Langton, Askofu Mkuu wa Canterbury, na mgawanyo huo ukaliacha neno la watumwa mwishoni mwa sura ya 3 na neno la mabwana mwanzoni mwa sura ya 4, hivyo ni rahisi mtu kufunga Biblia kabla hajalifikia. Linasema mabwana wawape watumwa wao yaliyo haki na ya adili, wakijua kwamba wao nao wana Bwana mbinguni. Kama la kwanza limesomwa, na la pili lisomwe, tena mwajiri akiwepo.

Sasa wewe mdogo wangu. Ujira wako si zawadi. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza mfanyakazi apewe ujira wake siku iyo hiyo kabla jua halijachwa, na Yakobo anasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana. Kwa hiyo dai, tena usione haya. Ila dai kwa utaratibu wa Mathayo 18: mwendee kwanza wewe na yeye peke yenu, bila kumtangaza, maana huenda ana sababu usiyoijua, au ana aibu ya kukuambia kwamba mambo yamemwendea kombo. Asipokusikia, nenda na mtu mmoja au wawili. Asiposikia tena, lipeleke mbele ya kanisa. Utaona kwamba utaratibu huo wenyewe ni unyenyekevu, kwa sababu unamlinda aliyekukosea asiaibike bure. Nenda na hesabu yako imeandikwa vizuri, kazi gani na siku gani, wala usiongeze hata kidogo kwa hasira. Ukitaja zaidi ya unachodai, mizani ya hila ambayo Mika aliikemea itakuwa imehamia mkononi mwako. Na wakati wote huo endelea kumwombea kwa jina lake, si ile sala ya Farisayo ya kumsimulia Mungu ubaya wa mtu.

Baba, nisamehe kama nitaonekana nimevuka mpaka, maana mtoto hamfundishi mzazi, nawe umekuwa mzee wa kanisa tangu mimi sijajua kusoma. Naomba tu, kwa heshima zote, shauri hili likifika kwenu mzikumbuke aya za mwanzo za Yakobo 2, kuhusu mtu mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri na maskini anayeambiwa asimame kule. Najua ni vigumu kumkanya mtu ambaye sadaka yake inategemewa. Lakini Bwana alisema mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake mwenye neno juu yake, ndipo arudi kuitoa. Kumwambia mshirika huyo maneno hayo, kwa upole na faraghani, ni kumtendea wema yeye pia. Mkimwonea haya, mtakuwa mmemnyima nafasi aliyopewa Zakayo.

Mama, wewe endelea kumtuliza kijana asije akatamka neno litakalomrudi. Mkikaa na mwajiri huyo, naomba mniandikie alivyojibu, hata kama jibu halikupendeza, na mniambie pia kama mdogo wangu ana rafiki mtu mzima na mwenye busara atakayeandamana naye mara ya pili. Kama hayupo, nitamwandikia mjomba nimwombe aende.

Nawasalimu nyote katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo.

Ni mimi binti yenu.